Jengeni Juu, Mtuachie Udongo

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wakazi, Kilimani, Nairobi

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee, akina mama, vijana, majirani wa mtaa huu na ninyi mliotoka Kileleshwa na Lavington, hamjambo? Naomba itifaki izingatiwe, maana nikianza kumtaja kila mtu kwa cheo chake, dakika nilizopewa zitaishia kwenye salamu.

Mimi si profesa. Ni muuza miche. Wengi wenu mmeniona kando ya Ngong Road, kwenye kitalu ambacho wakati wa kiangazi kina vumbi kuliko majani. Kazi hii inanipitisha kwenye mageti mengi. Naitwa kung'oa bustani kabla fundi hajaanza msingi, halafu jengo likishakamilika naitwa tena kupanda maua pale mbele. Pande zote mbili nimeziona, na pande zote mbili zimenilipa. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kunikatiza nalo katikati.

Sikuja kupinga nyumba; nimekuja kuwasemea wanyama wa bustani zinazoondolewa kuzipisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Nairobi, na kila mmoja anataka mahali pa kulala. Serikali inakata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na lengo lililotangazwa ni nyumba 200,000 kila mwaka. Kijana anayemaliza nusu ya mshahara kwa kodi, tena anadandia matatu mbili kufika kazini, huwezi kumwambia nyumba yake isubiri hadi ndege amalize kunyonya maua.

Tena tuwe wakweli kuhusu bustani hizi tunazozililia. Zilikuwa za nani? Wakati wa ukoloni mji huu uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Huku juu, penye udongo mwekundu na hewa baridi, wakakaa Wazungu. Parklands na Ngara wakakaa Wahindi. Mwafrika akapelekwa Eastlands, kwenye chumba kimoja. Nusu eka ya Kilimani ilikuwa ya familia moja, mpishi wao na mbwa wawili. Hata jakaranda, tunazopiga picha kila Oktoba mji ukigeuka zambarau, zililetwa kutoka Amerika Kusini. Kwa hiyo anayesimama hapa na kusema turudi kwenye mtaa wa zamani, mimi simo. Na aliyelelewa Kaloleni, hukohuko Eastlands, atawaambia kwamba nyumba ndogo zilizobanana kiasi bado ziliachiwa viwanja na miti ya kivuli, na ndege wakaja wenyewe.

Lakini katika nafasi ile iliyofujwa, wanyama walihamia. Hawakuuliza hati ya shamba ina jina la nani.

Chukueni ua wa kayaba. Wengi hapa mnaujua, na wengine mna makovu yake. Mwiba wake unapenya soli ya ndara. Ulipandwa kuzuia wezi, ukakatwa kwa panga mwaka baada ya mwaka hadi ukawa mnene, ndani giza tupu. Mbwa haingii, paka haingii. Kwa hiyo ndege wadogo wakatia viota humo. Chini yake, kwenye majani makavu, kalunguyeye alipita usiku akitafuta wadudu, na vyura walijificha jua likiwa kali. Ua ule ulishika mpaka wa ploti, ukaungana na wa jirani, na wa jirani ukaungana na wa jirani yake, ukavuka mtaa mzima bila kukatika.

Na humo alikaa kinyonga. Nimtaje huyu kwa kirefu, kwa sababu ndiye anayetoweka bila mtu kumlilia. Nairobi tunaye yule wa pembe tatu. Dume lake lina pembe moja puani na mbili mbele ya macho. Jike halitagi mayai, huzaa watoto hai, wadogo wa kukalia kidole kimoja. Maji yake ni umande na matone ya mvua kwenye majani. Ukimwekea bakuli hulitazama tu. Anahitaji kichaka kinachoshikana na kichaka, maana chini hana mbio.

Siku tingatinga linapoingia, ndege huruka na panya hukimbia. Kinyonga hufanya kile alichozaliwa nacho: hubadili rangi, hujibana ubavuni mwa tawi, hutulia tuli. Mbele ya mwewe ujanja huo humwokoa. Nilimkuta mmoja kwenye tawi ambalo tayari lilikuwa juu ya lori la taka, mkia ameuzungusha mara mbili, jicho moja linanitazama mimi na jingine linamtazama dereva. Vijana wa mjengo hawakutaka hata kumsogelea. Katika jamii zetu nyingi kinyonga ni mkosi. Nikamchukua na tawi lake nikamvusha ukuta kwa jirani. Mwaka uliofuata jirani naye akauza ploti.

Sasa nije kwenye hoja iliyonileta. Tukilalamika kuhusu majengo haya, tunalalamikia urefu. Tulianza kuona ghorofa nne, leo tunaona kumi na tano na zaidi, na kila mkutano mtu husimama kusema jua limezibwa. Ni kweli, jua limezibwa. Lakini kwa mnyama wa bustani urefu si shida kubwa. Teleka, wale ndege wadogo weusi wanaozunguka angani jioni, wanafurahia zege, wanajenga chini ya kingo zake. Kinachoua bustani kiko chini: besimenti ya magari inayochimbwa kutoka mpaka hadi mpaka, na kabro, yale matofali ya kutandika uani, inayotandazwa juu ya kila kilichosalia.

Fikirini jambo dogo kama kumbikumbi. Mvua za masika zikianza, jioni moja ardhi inafunguka na mchwa wenye mabawa wanatoka kwa maelfu. Watoto wa mtaa huu walikuwa wakiwaokota chini ya taa ya barazani, wanawakaanga, wanakula. Si watoto tu. Jioni hiyo vyura wanakula, popo wanakula, kinyonga anakula, na kesho yake alfajiri kwarara, yule mwenye sauti ya kuamsha wafu, anatembea kwenye nyasi akimalizia waliobaki. Ndege wengi hapa kwetu hulea makinda mvua zinapokuja, kwa kuwa ndipo chakula kinapofumuka. Sasa, kumbikumbi hukaa ardhini. Ukichimba mita tisa kwenda chini, ukabeba udongo wote kwa malori, ukajaza zege, kiota hakipo. Na hata kingebaki kimoja chini ya kabro, hakina tundu la kutokea. Kuna watoto wa ghorofa ya kumi na mbili wanaowajua kumbikumbi kwa kuwaona kwenye simu tu.

Ndiyo maana nikiulizwa jengo hili jipya ni baya au zuri, siangalii juu. Naangalia ni mita ngapi za udongo zimeachwa ambazo chini yake hakuna kitu isipokuwa udongo zaidi.

Tufanye hesabu kidogo. Ploti ya nusu eka ni kama mita 40 kwa 50, yaani mita za mraba 2,000. Ukiacha mita 3 za udongo kuzunguka pande zote nne, umeacha mita za mraba 504, robo ya ploti. Mwenye mjengo atashika kichwa, na simlaumu, ardhi ya hapa si ya kuchezea. Basi aache upande mmoja mrefu tu, mita 3 kwa 50. Hizo ni mita za mraba 150, asilimia 7.5. Na jirani mnayepakana naye akiacha tatu zake, mna ukanda wa mita sita. Kayaba inarudi. Miti inarudi. Ghorofa zake kumi na tano anabaki nazo.

Jambo la kuudhi ni kwamba nafasi hiyo mara nyingi iko tayari kwenye ramani. Kaunti hudai jengo lisimame mbali kidogo na mpaka. Lakini jengo husimama mbali juu ya ardhi tu. Chini, besimenti inaendelea hadi ukutani, na juu yake wanatandaza kabro ili lori la maji lipite. Halafu ndipo naitwa mimi. Naonyeshwa sanduku la zege lenye udongo wa kufika gotini, naambiwa, mzee, tutilie hapa miti. Naweka mitende, naweka duranta ya njano, napokea hundi. Mti ulio juu ya besimenti ni mche ambao hautatoka kwenye kopo maisha yake yote. Na hao ndio wenye nafuu; siku hizi wengine hununua nyasi za plastiki, wanazipangusa vumbi kwa ufagio.

Mtaniambia: wanyama si wapo kwenye msitu wa Karura? Si tuna Hifadhi ya Taifa tangu 1946, kilomita za mraba 117 zenye simba na vifaru? Tunayo, na Mungu awabariki waliozipigania. Karura yenyewe ilikuwa ikimegwa kwa ajili ya nyumba za kifahari. Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale getini Januari 1999 wakijaribu kupanda mche, na leo tunakwenda kutembeza watoto humo Jumapili. Lakini tazameni ramani ya mji. Msitu wa Ngong Road uko magharibi, Arboretamu iko katikati, City Park na Karura ziko kaskazini. Hivyo ni vituo. Njia za kutoka kituo kimoja hadi kingine zilikuwa bustani zetu na kingo za vijito vyetu, Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo.

Mchukue shorobo, yule ndege wa kijani ambaye akifungua mabawa unaona wekundu wa ajabu. Si mrukaji hodari. Hukimbia juu ya matawi, huruka pengo fupi, hutua, hukimbia tena. Ukikata mti mmoja atavuka. Ukikata mtaa mzima, hajafa siku hiyo, ila amefungiwa Karura na Karen, na kila kizazi kinaoana humo kwa humo. Chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, wana nafuu kidogo, wanaweza kuvuka barabara kufuata ua moja jekundu kwenye veranda. Popo wa matunda nao huruka mbali, lakini taa kali zinazowashwa usiku kucha kwenye kuta zinawavuta nondo na kuwakosesha raha popo wengi. Na nyoka? Nyoka sitamsemea leo, najua nitapoteza kura zenu.

Mtaa haukosi ndege, hilo nalikubali. Kunguru wapo. Mwewe wapo. Korongo mfukoshingo wapo, wamesimama juu ya migunga ya Mombasa Road kana kwamba wanangoja mazishi. Hao wanaishi kwa takataka zetu, na takataka hazijapungua. Mtu aliyehamia juzi atasema, mbona nasikia ndege kila asubuhi? Anasikia walewale wanne watano.

Niseme kidogo kuhusu miti mikubwa, maana hapo tunapenda kujipongeza. Mnakumbuka ule mugumo wa Waiyaki Way. Barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, mti ulikuwa ung'olewe. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uachwe. Nilifurahi kama wengine. Mugumo ni ghala: matunda yake hayana msimu mmoja, mti huu ukiisha kuzaa leo ule mwingine unaanza mwezi ujao, kwa hiyo ndege na popo hawakosi pa kula hata kiangazi. Ukisimama chini ya mugumo uliozaa huhitaji darubini. Kuzumburu wananing'inia na mikia yao mirefu, njiwa wanagombana juu, na yale yaliyoanguka yanaliwa na vipepeo chini.

Ila mti mmoja wenye sifa umepata rais. Ua wa kayaba unatetewa na nani? Nao umebeba viumbe wengi kuliko watu wanavyodhani, ila hauna jina, haupigwi picha. Unang'olewa asubuhi kabla ya chai.

Kuna kampeni ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Tulipewa hata siku ya mapumziko, tarehe 13 Novemba 2023, twende tukapande. Nami niliuza miche, asante. Katiba inataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi, na tathmini ya 2021 ilisema tumefika asilimia 12.13. Vizuri. Lakini mti uliopandwa kwenye mlima kaunti nyingine haumlishi chozi wa Kilimani, na mche wa mwaka mmoja haulingani na mti wenye tundu la miaka hamsini ambamo ndege hutaga. Mjenzi anapoahidi kwenye ripoti yake kwamba kwa kila mti atakaokata atapanda kumi, muulizeni swali moja tu: wapi?

Kama ndege hawawagusi, basi maji yatawagusa. Mvua ya milimita 50 juu ya nusu eka ni lita 100,000. Zamani nyingi zilizama kwenye bustani. Leo zinagonga paa, zinagonga kabro, zinatoka getini kwa pamoja, zinaingia Kirichwa, kisha Mto Nairobi, na anayezipokea ni mtu wa Gikomba ambaye hakuuziwa fleti hapa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 mliyaona. Yana sababu nyingi, na mvua yenyewe ilikuwa kubwa kupita kiasi. Lakini maji yaliyotoka kwenye mageti yetu yalikuwemo. Ukanda uleule wa udongo anaouhitaji kinyonga ndio unaomeza maji.

Mnaweza kufanya nini? Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kupewa leseni na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mnaombwa maoni. Najua mnavyoyatoa: karatasi inaletwa na askari wa geti, unatia sahihi ukiwa ndani ya gari. Msitie tena. Na leseni ikishatolewa bila kusikizwa, kuna siku 60 za kukata rufaa kwenye jopo la kitaifa la mazingira. Siku 60 huisha haraka kwa watu wanaokutana mara moja kila miezi mitatu.

Mkipewa ramani, msianze na ukurasa wenye picha ya jengo likiwa na watu wanaotabasamu na miti ambayo haijawahi kuota Afrika. Fungueni ukurasa wa besimenti. Mstari wake unaishia wapi? Hapo ndipo pa kubishania. Mengine yanafuata: ua wa zamani ubaki kama upo, na ukuta ukijengwa nyuma yake uwe na matundu machache chini, ya kupitisha kalunguyeye na maji. Miti isikatwe mvua zikianza, viota vikiwa vimejaa. Taa za nje zitazame chini. Na bustani ipandwe vitu vyenye kazi. Muhuti ukichanua mwekundu, chozi hawaambiwi. Murarachi hulisha viwavi wa vipepeo wakubwa, kisha humwaga maua ya waridi mlangoni kwako. Mshubiri haudai maji. Mugumo msiupande karibu na nyumba, mizizi yake haina adabu. Upelekeni kando ya kijito.

Na ninyi wa ghorofani ambao hamna hata inchi ya ardhi, mna kamati ya jengo. Kamati hiyo ndiyo inayoita watu wa kupulizia dawa kila mwezi hadi nyuki wanaanguka kwenye ngazi. Punguzeni hapo kwanza kabla hamjaniita niwauzie maua ya vyungu.

Nimalizie na ploti ile ya nyuma ya kanisa, ambayo sote tumeona mabati yameanza kuzungushwa. Mwenyekiti ana nakala ya ramani. Besimenti inagusa mpaka pande zote nne. Upande wa mashariki bado kuna kayaba, karibu mita 50, na muhuti mmoja mkubwa kwenye kona. Nimekwenda kuongea na mwenye mjengo. Hakukataa. Alisema akirudisha besimenti mita tatu upande huo atapoteza nafasi kadhaa za magari, na kwamba yuko tayari kulifikiria iwapo ombi litatoka kwa majirani wote wanaopakana naye, kwa maandishi, kabla msanifu hajawasilisha michoro ya mwisho. Majirani hao ni nyumba sita, na nyote mko humu ukumbini. Barua iko kwa katibu, pale mezani karibu na chai. Asanteni.